Kaka ananitaka nisaini banda la mume wangu lifungwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tanga, upande wa Makorora. Safu yako huwa naisoma kwa simu ya mume wangu akishalala, maana yeye husema mambo ya ndani hayapelekwi gazetini. Leo nayaleta. Naomba jina langu lisitokee.

Mume wangu ana banda la video, wenyewe wanaita kibanda umiza. Mabati, mapazia meusi, mabenchi sita, televisheni moja kubwa na feni mbili, moja ilishakufa. Siku za kawaida zinaonyeshwa picha zilizotafsiriwa, kiingilio mia tatu. Mpira mia tano. Simba na Yanga elfu moja, na watu wanasimama mpaka nje. Mimi nakaa mlangoni na meza yangu ya kashata, ubuyu na maji ya kandoro, na kiingilio nakusanya mimi, kwa sababu mume wangu hana moyo wa kumrudisha mtu. Banda hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba na daftari za watoto. Sina cha kuficha hapo.

Wiki tano zilizopita, Jumamosi, watoto walitoka picha ya saa nane mchana. Lilikuwa picha la Kichina, la mapanga. Wakaenda kwenye kiwanja nyuma ya nyumba ya jirani, wakaokota fito na vipande vya mbao, wakaanza kucheza stelingi na adui. Mtoto wa kaka yangu, miaka kumi na moja, alipangiwa kuwa adui. Kipande cha mbao kilichokuwa na msumari kikampata juu ya jicho. Kashonwa nyuzi sita. Zahanati walituambia ilibaki upana wa kidole tu jicho liende.

Kaka yangu ni mwalimu, Shangazi, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ada yangu alilipa yeye. Posa yangu ilipokuja, ilipokelewa kwake. Usiku ule alikuja kwetu, akakataa kiti. Akasema, "Shemeji, unauza sumu kwa mia tatu." Mume wangu akamjibu, "Shemeji, mimi nauza picha. Fito hawakuzitoa kwangu." Tangu hapo hawajasalimiana.

Sasa kaka ameandika barua ya kupeleka serikali ya mtaa. Inataka mambo matatu: banda lifungwe, mapicha ya kuuana yapigwe marufuku mtaa mzima, na atakayekaidi achukuliwe hatua. Ina saini thelathini na moja. Nafasi ya thelathini na mbili ameniachia mimi. Anasema saini ya mke wa mwenye banda ni nzito kuliko zote hizo zikijumlishwa, na kwamba wataalamu wa Marekani walishathibitisha kwa jaribio la mwanasesere kuwa mtoto akiona kipigo atapiga. Kikao ni Jumapili mbili zijazo.

Mume wangu anasema hayo ni maneno ya vitabuni. Anasema yeye na kaka walikua pamoja, walizamia picha za ngumi pamoja, na hakuna aliyemuua mtu. Anasema nikisaini nimemvua nguo hadharani.

Mtaa nao umegawanyika. Waliokataa kusaini wanaitwa watetezi wa shetani. Waliosaini mume wangu amewakatalia kuingia kuangalia mpira, hata wenye hela mkononi. Wifi yangu, ambaye kila Ijumaa tulikuwa tunapelekeana sahani, sahani yangu ya mwisho aliirudisha tupu bila hata asante.

Kuna mambo mawili sijamwambia mtu. La kwanza sijui kama linahusika. Mwezi wa Shaabani kaka huyu huyu alituma kwenye grupu letu la familia video ya mwizi wa pikipiki anachomwa na tairi shingoni. Chini akaandika, "Iwe fundisho kwa vijana wetu." Binti yangu wa miaka tisa alikuwa na simu yangu, anacheza gemu, video ikaingia, akaifungua. Tangu siku hiyo hapiti kwa fundi pancha wa kona yetu, anazunguka mtaa wa pili kwenda shule. Nilimwambia kaka kwa adabu. Akanijibu kwamba ile ni kweli na mapicha ni uongo, na ukweli haumharibu mtoto.

La pili ni hili. Siku ile mtoto wa kaka alikuja mlangoni hana hela. Nilimpa kashata nikamwambia pita. Nilimwingiza mimi, bure, kwa sababu ni mtoto wetu. Kaka anajua alikuwa ndani, hajui aliingiaje.

Nikisaini nimeivunja nyumba yangu. Nisiposaini nimemkana aliyenilea. Na ukiniuliza mimi mwenyewe naona nani ana haki, siku nyingine naamka na kaka, nalala na mume wangu. Nifanyeje?

Mama wa Mlangoni, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza jicho la mtoto. Umeniandikia nyuzi na msumari, hukuniandikia anaendeleaje. Nitadhani kidonda kimekauka na yeye ameshasahau, kwa sababu mtoto wa umri ule hupona upesi kuliko baba yake.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza niliona mashemeji wawili wanavutana, na mwanamke katikati ameshikwa mkono huku na huku. Niliporudia nikaona umekaa wapi hasa. Umekaa mlangoni. Unaniandikia kana kwamba banda ni la mumeo, barua ni ya kaka, na kwako imebaki kalamu tu. Lakini anayepokea mia tatu ni wewe. Anayejua nani kaingia saa ngapi, ana miaka mingapi na katoka na sura gani ni wewe. Katika ugomvi wote huo hakuna mwenye habari nyingi kukushinda, na sioni mahali popote ulipoandika kwamba kuna aliyekuuliza. Mmoja anataka saini yako, mwingine anataka ukae kimya, na wote wawili wameruka swali la kwanza: saa nane mchana ya Jumamosi, mabenchi sita yale yanakaliwa na nani?

Nitarudi hapo. Nianze na mwanasesere, maana umeniambia kaka ni mwalimu, na mwalimu ukimgusa kwenye utafiti wake umemgusa kweli.

Hakudanganya. Mwaka 1961, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watoto 72, wa miaka mitatu mpaka sita. Baadhi yao walioneshwa mtu mzima akimshughulikia mwanasesere mkubwa wa kujaza upepo, jina lake Bobo, kwa ngumi, mateke na nyundo. Walipoachiwa chumba na mwanasesere, watoto wale wakafanya vilevile, wengine mpaka kwa maneno yale yale waliyoyasikia. Ndiyo, mtoto anaiga. Hilo hata bibi zetu walilijua bila kwenda Stanford. Ila Bobo ametengenezwa apigwe: unamsukuma, anaanguka, anainuka mwenyewe. Kutoka kumpiga Bobo mpaka kumpiga jirani yako ni safari, na wataalamu wamebishana juu ya urefu wa safari hiyo zaidi ya miaka sitini. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipoandika upya msimamo wake kuhusu magemu ya vita, kilisema upo uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyatwisha magemu mzigo wa ukatili mkubwa. Sasa weka hilo kwenye kiwanja cha nyuma ya jirani. Je, wale watoto walikuwa na nia ya kuumizana, au walikuwa wanacheza na mbao ikawa na msumari? Kaka anaona panga la kwenye picha. Mimi nikisoma barua yako naona na msumari pia, na kiwanja kisicho na mtu mzima hata mmoja. Sikwambii panga halikuwepo.

Na mumeo naye asicheke mapema. Hoja yake ya "sisi tuliangalia na hatukuua mtu" naijua, ni hoja ya aliyetoka mzima. Kaka yangu mimi alitoka kumwona Bruce Lee, Dar es Salaam ya miaka ya sabini, akapiga teke mlango wa bati wa choo cha jirani. Mguu ulipita, haukurudi. Alishonwa nyuzi nyingi kuliko za mtoto wenu, na mpaka leo anatembea kwa kuukwepa mguu huo. Hakuua mtu, ni kweli. Baba yetu hakwenda kufunga sinema. Alikwenda kukata fimbo akampiga mgonjwa kitandani, na mlezi bora mtaani akawa ni yeye. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapowasikia wakubwa wakiuliza watoto wanajifunza wapi kupiga.

Hofu ya picha si ya leo, mwanangu. Léopoldville ya miaka ya 1950, ambayo sasa ni Kinshasa, ilikuwa na vijana waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, kaboi wa picha za Kimarekani, skafu shingoni, kila kundi na eneo lake. Dar nako kulikuwa na waliovaa kikaboi, na wakubwa wakakosa usingizi. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na kamati zao za kukagua filamu, na sehemu nyingi Afrika kamati hizo hazikuishia kuuliza umri wa mtazamaji, ziliuliza na rangi yake: picha ambayo Mzungu ameruhusiwa, Mwafrika amezuiwa, asije akapata mawazo. Kwa sababu hiyo mtu akitamka "ipigwe marufuku" mbele yangu, hata kama kitu chenyewe sikipendi, jicho langu huenda kwanza kwenye kiti cha mwamuzi, nimwone aliyekikalia.

Nikupe na la nyumbani. Nilikuwa mtoto Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, mwisho wake Januari mosi 1969. Mimi sketi fupi sikuwa nazipenda wala sikuruhusiwa, kwa hiyo kwa fikra nilikuwa upande wa operesheni. Ila kabla hata siku yenyewe haijafika, wasichana walikuwa wanashushwa kwenye mabasi Kariakoo na kushambuliwa na vijana waliokuwa wanalinda maadili. Unaona jambo lilivyo gumu? Mtu anaweza kuwa na haki kabisa kuhusu kitu kibaya, halafu namna anavyokishughulikia ikazaa kingine. Barua ya kaka yako bado haijafika serikali ya mtaa na tayari jirani asiyesaini ni mtetezi wa shetani. Na mumeo anarudisha watu wenye hela mkononi, yeye ambaye umeniambia hana moyo wa kumrudisha mtu. Wote wawili wamekwisha kuanza kupiga marufuku.

Sasa hili ulilosema hujui kama linahusika. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu, chai ikapoa.

Kaka anasema video ya mwizi ni kweli na mapicha ni uongo, na ukweli haumharibu mtoto. Mimi naliona kwa upande mwingine, na nitakwambia kwa nini, kisha upime mwenyewe. Mtoto aliyezoea banda anajua mambo mengi ambayo sisi hatumpi hesabu yake. Anajua stelingi hafi mpaka mwisho. Anajua adui aliyekufa leo kesho yuko kwenye picha jingine, na nywele tofauti. Yule anayetafsiri, katikati ya mapanga, anamtania adui, anamwita kwa jina la mchezaji wa timu pinzani, banda zima linacheka. Kile kicheko kinaweza kuwa kibaya, silipingi hilo, ipo hatari ya mtoto kuzoea kucheka damu inapomwagika. Lakini pia ni kamba inayomfunga pwani asichukuliwe na maji. Kwenye video ya tairi hakuna mtafsiri. Hakuna stelingi. Hakuna aliyemwambia binti yako kwamba yule ataoga na kwenda nyumbani, kwa sababu hatakwenda. Na wanaochoma si majambazi wa Hong Kong, ni watu waliovaa kama wajomba zake. Kisha chini yake mjomba mwenyewe ameandika "iwe fundisho". Hebu jiulize mtoto wa miaka tisa amefundishwa nini.

Simaanishi picha za mapanga ni salama. Ninachoshangaa ni barua yenye saini thelathini na moja iliyotaja banda la mabati na haikutaja simu hata moja, wakati kila aliyesaini anayo mfukoni.

Lakini nakuomba, usiichukue video hii ukamrushia kaka usoni kwenye kikao. Najua kishawishi kipo, mumeo akijua kwamba unayo atakusukuma uifanye hivyo. Ukimvua kaka nguo mbele ya mtaa utashinda siku moja tu. Yeye aliituma kwa imani ileile iliyomfanya aandike barua: anaogopa vijana watapotea, na anaamini mtoto akitishwa vizuri atanyooka. Hofu ni ileile, chombo tu ndicho kimebadilika. Akilisikia hilo faraghani, kutoka kwako, kwa sauti uliyokuwa unamwombea nayo ada, huenda akakaa chini. Huenda pia asikae. Walimu tuna tatizo la kusahihisha vya wenzetu tu.

Tuje kwenye saini.

Nilivyoisoma, barua ile ina mambo matatu yaliyofungwa kifungu kimoja, na ndiyo maana inakuchanganya: unakubaliana na nusu, unaambiwa umeze yote. Kwamba watoto wasikae mbele ya picha za kuuana, nadhani wewe na kaka mko pamoja, na nashuku hata mumeo akiwa peke yake usiku hayuko mbali. Kwamba mtu mzima wa mtaa huo asitazame anachotaka baada ya isha, hilo ni jingine kabisa. Na kwamba anayekaidi achukuliwe hatua, hapo mimi ningeuliza hatua gani, na nani atazichukua.

Ukisaini kama ilivyo, kuna kitu sina hakika kaka amekifikiria. Nchi hii tayari ina sheria, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu ambayo kazi yake ni kuzikagua filamu na kuzipangia umri wa watazamaji kabla hazijaonyeshwa kwa watu. Afisa akija hapo kwa sababu ya barua, hatakuja kujadili maadili wala mwanasesere. Ataomba karatasi: kibali cha banda kiko wapi, picha hizi zilikaguliwa lini, nakala mmezipata kwa nani. Mumeo anazo? Swali hilo sikuulizi unijibu mimi. Lakini kama jibu lake ni kimya, basi saini yako inaweza kuondoka na televisheni na mabenchi, si na mapanga peke yake. Na watoto nao hawatakwenda maktaba. Watahamia banda la mtaa wa pili, ambako mlangoni hakuna shangazi yao, au watabanana wanne kwenye simu moja chini ya mwembe, bila hata huyo mtafsiri wa kuwachekesha.

Usiposaini na ukanyamaza, kuna hatari yake pia, usijidanganye. Kaka atausoma ukimya wako kama jibu. Mumeo atausoma kama ushindi, na Jumamosi ijayo saa nane mchana mabenchi yatajaa vilevile. Halafu siku nyingine msumari hautakosea kwa upana wa kidole.

Kuna njia ya katikati, siisifii kwa sababu ina gharama. Unaweza kumwambia mumeo, kabla ya kikao na si siku ya kikao, kwamba wewe mlangoni hutapokea tena mia tatu ya mtoto kwa picha la mapanga. Mchana wa Jumamosi ziwe picha za kuchekesha, za Kihindi, au mpira wa marudio. Mapanga yaanze usiku, na anayeonekana hajavunja sauti arudi kwao. Hilo unaliweza bila saini ya mtu, kwa sababu mlango ni wako. Gharama yake unaijua kuliko mimi: hesabu mwenyewe mia tatu ngapi za Jumamosi zina mikono midogo. Kama ni nusu ya mapato, mumeo atakasirika na atakuwa na sababu, na lazima mjue daftari zitalipwa na nini. Anaweza pia kusema umetumwa na kaka. Anaweza kukuondoa mlangoni akamweka kijana asiyemjua mtoto wala mkubwa, na hapo hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Pima tabia yake. Wewe ndiye unayelala naye, mimi namjua kwa mistari kumi tu.

Au unaweza kumwomba kaka aiandike upya barua: aondoe kufunga, aondoe marufuku ya mtaa mzima, abakishe saa na umri, kisha aipeleke kwa mumeo kwanza kama shemeji kabla ya kuipeleka kwa mwenyekiti kama mlalamikaji. Barua ya namna hiyo pengine hata mumeo angeisaini. Pengine. Wasiwasi wangu ni kwamba wenye saini thelathini na moja wameshapasha moto, na kaka akirudi nyuma wataanza kumwita yeye mtetezi wa shetani. Mtu aliyepanda jukwaani kushuka kwake huwa kugumu, anahitaji aliyemshikia ngazi.

Kama wewe mwenyewe huwezi kuwakalisha, yupo nani? Hujanitajia mama, wala baba mdogo, wala mzee wa upande wa mumeo. Mashemeji hawa walikua pamoja na walizamia sinema pamoja. Lazima mtaani kuna mtu mmoja aliyewahi kuwafukuza mlangoni wakiwa na umri wa mtoto wenu. Mtafute huyo. Si ili awaamulie, maana nadhani hawatakubaliana kuhusu picha mpaka wanazeeka, na sioni ubaya. Mimi na marehemu mume wangu tulitofautiana kuhusu redio miaka ishirini na saba na chakula tulikula sinia moja. Kinachohitajika sasa ni wakae chumba kimoja na kaka akubali kiti.

Umesema siku nyingine unaamka na kaka na kulala na mumeo. Umeliandika kama kosa. Mimi nimelisoma kama mtu pekee katika mtaa huo anayewasikiliza wote wawili.

Kuhusu kashata. Ulimpa mtoto wa kaka yako kitafunwa ukamwambia pita, kwa sababu kwa mtoto yule wewe ndiye shangazi, na shangazi hatozi. Hilo limekukaa rohoni kuliko saini, nimeliona lilivyokuja mwisho, kwa sentensi fupi fupi. Sikwambii ukalitangaze. Lakini fikiria hivi: mtoto mwenyewe anajua. Ana miaka kumi na moja, ana kovu, na kila mtu anamuuliza ilikuwaje. Kaka akilisikia kutoka kwake kabla ya kulisikia kwako, itakuwa siri ya wiki kadhaa. Akilisikia kutoka kwako, linaweza kumchoma, anaweza hata kusema maneno ambayo atayajutia, lakini pia litakuwa jambo la kwanza katika ugomvi huu ambalo mtu amelikubali bila kumnyooshea mwenzake kidole. Wakati wake utaujua. Si mbele ya watu, na mimi nisingelisema mkiwa mmesimama.

Wifi yako mpelekee sahani tena Ijumaa hii. Akiirudisha tupu, mpelekee na inayofuata.

Na binti yako, mwanangu. Umeandika kurasa mbili kuhusu picha za watoto wa watu, na yeye umempa mistari michache, kwamba anazunguka mtaa wa pili. Kuna aliyekwisha kukaa naye akamuuliza aliona nini? Kuna asubuhi yoyote umeshamshika mkono mkapita pamoja kwa fundi pancha, mkasimama kidogo, akaona yale ni matairi tu na yule mzee anatafuta tundu kwenye karai la maji? Niandikie hilo limekwendaje, hata kama la saini bado hujaliamua.

Shangazi